Akifa Kiongozi wa Itikadi Kali, Msikiti Useme Nini?

Kiongozi aliyehalalisha kumwaga damu kwa jina la Uislamu anauawa. Habari zinaenea kwenye simu kabla ya sala ya alfajiri, na kufikia mchana jirani, mwandishi wa habari na ofisa wa serikali wanawageukia Waislamu kwa swali moja: mnasemaje?

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 2 Mei 2011, Osama bin Laden alipouawa Abbottabad, Pakistan. Mwezi uliofuata Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyehusika na mashambulizi ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo Mohammed alipigwa risasi Mombasa. Januari 2016 zamu ilifika Kigali, alipouawa Muhammad Mugemangango, aliyekuwa naibu imamu.

Gisenyi ina sababu zake za kulijadili jambo hili. Mji huu na Goma vimeshikana kiasi kwamba nyumba za nchi mbili zinatazamana, na Kiswahili kinasemwa sokoni na misikitini pande zote mbili. Ng'ambo ya mpaka ni Kivu ya Kaskazini, mkoa wenye Beni, ambako kundi la ADF lililotoka Uganda na baadaye kujiunga na Daesh (IS) limekuwa likichinja raia mwaka baada ya mwaka. Waislamu wa Rwanda ni takriban asilimia 2 ya wananchi kwa sensa ya 2022. Katika jamii ndogo kiasi hicho neno la imamu husikika mbali, na kimya chake husikika vilevile.

Sauti nne zinazofuata nimezipanga mwenyewe ili hoja ninazozisikia zikutane ana kwa ana. Kuna Mama anayefanya biashara mpakani, Imamu, Kijana anayeendesha pikipiki ya abiria, na Mwalimu wa historia aliyestaafu.

MAMA: Niruhusuni nianze, kabla hatujafungua vitabu. Mtu wa namna hiyo akifa mimi nasema alhamdulillahi, na sioni haya. Tarehe 7 Agosti 1998 watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Walikuwa makarani, wapita njia, abiria wa basi, wasichana waliokuwa wakijifunza uhazili katika jengo la jirani. Maelfu walijeruhiwa, na wapo waliopofuka kwa vioo vya madirisha. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu waliofunga na kuswali kama sisi. Na hapa karibu, watu wa vijiji vya Beni wanayahama mashamba yao kwa kuogopa mapanga. Mkinizuia kufurahi, mtakuwa mmenitaka nimhurumie muuaji kabla ya kumhurumia aliyechinjwa.

IMAMU: Mama, nafuu unayoihisi ina asili katika dini. Imepokewa katika Bukhari kwamba jeneza lilipita, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaeleza kuwa mja muovu akifa, watu, nchi, miti na wanyama hupumzika kutokana naye. Imepokewa pia kwamba Ali bin Abi Talib alisujudu kwa shukrani baada ya vita vya Nahrawan, mwaka 38 Hijria, alipomwona miongoni mwa Khawariji, wale waasi waliomkufurisha, waliouawa mtu ambaye Mtume alikwisha kutaja alama yake. Siwezi basi kukukataza kumshukuru Mungu kwamba shari imeondoka. Ninalolikataza ni kejeli juu ya maiti. Bibi Aisha amepokea katazo la kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwishafika kwenye yale waliyoyatanguliza. Usiku wa habari za bin Laden watu waliimba na kushangilia nje ya ikulu ya Marekani. Shukrani ya Mwislamu haina haja ya kwenda barabarani. Inatosha kusujudu.

KIJANA: Shehe, mimi sina ngoma na sina machozi. Linalonitatiza ni swali lenyewe. Kwa nini niulizwe mimi? Jean-Bosco Barayagwiza alikuwa mtu wa Gisenyi, mmoja wa waasisi wa redio ya RTLM iliyochochea mauaji ya 1994. Mahakama ya Arusha ikamtia hatiani, akafia Benin mwaka 2010. Kanali Théoneste Bagosora, aliyehukumiwa na mahakama hiyohiyo, akafia Mali mwaka 2021. Sijasikia kanisa hapa wilayani kwetu Rubavu likitakiwa kutangaza kwamba halikuwa pamoja nao. Lakini akiuawa mtu Mogadishu ambaye hata Gisenyi haijui, abiria niliyembeba ananiuliza: mwenzenu amekufa, mnasemaje? Ule msemo wa samaki mmoja akioza uachwe kwa samaki. Binadamu huulizwa alichokifanya yeye, na dini yetu imefundisha kwamba nafsi haibebi dhambi ya nafsi nyingine. Nikikubali kujitetea leo, nimekubali kwamba nilikuwa mshukiwa tangu jana.

MWALIMU: Mwanangu, kwa upande wa mzigo uko kwenye haki, na sitakuomba uombe radhi kwa damu usiyoimwaga. Ila umetaja kesi ya Barayagwiza, basi tutaje na mtu mwingine aliyehukumiwa pamoja naye. Hassan Ngeze ni mzaliwa wa hapa Rubavu, na ni Mwislamu. Gazeti lake la Kangura lilianza mwaka 1990, na Desemba ya mwaka huohuo likachapisha zile amri kumi za chuki dhidi ya Watutsi. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha, na rufaa ya 2007 ikampunguzia hadi miaka 35. Chuki yake ilikuwa ya kabila, hakuihubiri kwa aya. Hata hivyo alikuwa jirani wa watu, na watu walimsoma. Leo pale Commune Rouge kuna makumbusho ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mji wenye makaburi kama yale unajua maneno yasiyojibiwa yanafika wapi.

KIJANA: Sasa Mwalimu unanirudishia mzigo uleule.

MWALIMU: La. Nataka utenganishe mambo mawili. Kulipia kosa la mwingine si wajibu wako. Kulijibu neno la mwingine, likiwa linasemwa mbele yako kwa jina la dini yako, huo ni wajibu wako. Kumbuka msikiti wa Mabare, upande wa Rwamagana. Mwaka 1994 Watutsi walikimbilia pale, na Waislamu wakakataa kuwatoa. Walipigana kwa walichokuwa nacho, na wengi wakauawa pamoja na waliowakinga. Hakuna mwandishi aliyewauliza wanasemaje. Heshima ambayo Waislamu wa Rwanda wanapewa kila Aprili inatokana na watu waliosema hapana wakati muuaji yungali hai na ana silaha mkononi. Kumlaani baada ya kufa hakumgharimu mtu chochote.

KIJANA: Hilo nalikubali, kusema mapema. Basi na mimi niseme lingine mapema: wanavyokufa watu hawa. Mugemangango aliuawa akiwa mikononi mwa polisi. Polisi walieleza kwamba alituhumiwa kuwashawishi vijana wajiunge na Daesh, na kwamba alipigwa risasi akijaribu kutoroka. Tuhuma zile hazikufika kwa hakimu. Aboud Rogo aliwahi kuachiwa na mahakama ya Kenya mwaka 2005 katika kesi ya shambulizi la hoteli ya Kikambala, na alipouawa tarehe 27 Agosti 2012 alikuwa na kesi nyingine inayoendelea. Alikuwa garini na familia yake, na mkewe akajeruhiwa. Abubakar Shariff, waliyemwita Makaburi, naye akapigwa risasi Mombasa tarehe 1 Aprili 2014, jirani na mahakama. Mafundisho yao siyataki. Lakini nikizoea kwamba mtu anaweza kuuawa bila hukumu kwa sababu tu simpendi, nitakuwa nimemruhusu muuaji anichagulie na mwingine.

MAMA: Na Mombasa walijibuje? Baada ya Rogo kulikuwa na ghasia kwa siku mbili. Makanisa yalivamiwa, na askari wakauawa kwa guruneti. Oktoba 2013, alipouawa Sheikh Ibrahim Omar aliyemrithi mimbarini, kanisa la Jeshi la Wokovu la Majengo likachomwa moto. Hebu niambie, mwanangu: waumini wa kanisa lile walifyatua risasi gani? Wewe umekataa kubebeshwa mzigo wa mtu wa Mogadishu, nao wakawabebesha jirani zao mzigo wa muuaji asiyejulikana.

KIJANA: Hapo sina la kumtetea mtu, Mama. Anayedai haki hadai kwa kiberiti. Anadai uchunguzi, anadai kesi isikilizwe, na anakwenda na jina lake na uso wake wazi.

IMAMU: Dai hilo lina dalili, na ni vizuri vijana waijue. Ali bin Abi Talib alipigwa upanga Kufa mwaka 40 Hijria na Ibn Muljam, Khariji aliyeamini kwamba anamwondoa kafiri. Ali akiwa kitandani na jeraha la kifo aliagiza mfungwa yule apewe chakula na atendewe vizuri. Akasema kwamba akifa, muuaji apigwe pigo moja kwa pigo moja, na mwili wake usikatwekatwe. Huyo ni aliyeuawa akimpimia muuaji wake mwenyewe mizani ya sheria. Kwa hiyo Mwislamu anaweza kusema kwa pumzi moja kwamba mafundisho ya fulani ni upotovu, na kwamba fulani alistahili kusikilizwa mahakamani. Sentensi hizo mbili hazigombani.

MAMA: Sasa nijibu hili, Shehe. Mtu huyo akifa hapa mjini, utamsalia?

IMAMU: Kumsalia maiti Mwislamu ni faradhi ya kutosheleza, wakisimama wachache inawatosha wote. Na sisi hatuna desturi ya kumtoa mtu katika Uislamu kwa dhambi yake, maana huo ndio ugonjwa wenyewe wa Khawariji: kumkufurisha kila mwenye kosa. Lakini Mtume aliletewa mtu aliyejiua, akajizuia kumsalia. Na yule aliyekufa Khaybar akiwa ameiba katika ngawira, Mtume aliwaambia maswahaba wamsalie mwenzao, yeye hakumsalia. Hapo wanazuoni wengi walipata njia. Jamaa zake watamwosha, watamkafini, watamsalia na kumzika. Mimi niliyesimamishwa mbele ya watu sitatangulia. Hakutakuwa na khutba ya kumsifu, wala maandamano ya jeneza, wala mtu kumpa cheo cha shahidi. Watu watauliza kwa nini imamu hakuja, na huko kuuliza ndiko mafunzo yenyewe.

KIJANA: Na akinyimwa kaburi?

IMAMU: Tutalidai. Bin Laden alipozikwa baharini, Sheikh Ahmed el-Tayeb wa Al-Azhar alisema maziko yale yanakwenda kinyume cha sheria ya Kiislamu, na hakuna aliyemhesabu kuwa mfuasi wake. Haki ya maiti si zawadi kwa wema wake.

MWALIMU: Shehe wangu, maiti tumemmaliza vizuri. Naomba sasa tuhamie kwenye mihadhara yake, kwa sababu hiyo haikuzikwa. Kiongozi wa al-Shabaab, Ahmed Abdi Godane, aliuawa tarehe 1 Septemba 2014. Watu wakapumua. Tarehe 2 Aprili 2015, miezi saba tu baadaye, kundi lake liliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Jamil Mukulu wa ADF alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Nafasi yake ikachukuliwa na Musa Baluku, na chini yake kundi likajiunga na Daesh na kuua zaidi. Juni 2023 liliwaua wanafunzi katika shule ya Mpondwe, mpakani mwa Uganda. Anayedhani risasi imemaliza kazi aitazame orodha hiyo.

MAMA: Kwa hiyo kifo chao hakina faida?

MWALIMU: Kina faida kwa siku ile ambayo shambulizi moja halikufanyika, na siidharau siku hiyo. Lakini mtazame Rogo. Mihadhara yake aliitoa kwa Kiswahili fasaha, ikaenda kwa kaseti, kwa DVD, baadaye kwa simu. Wasikilizaji wake walitawanyika pwani yote hadi kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Tarehe 5 Oktoba 2017, miaka mitano baada ya maziko yake, vijana walivamia Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, na baadhi ya waliowafundisha walikuwa wamelelewa na mihadhara ile. Tangu Julai 2021 askari wa Rwanda wanapigana huko. Mtu aliyekufa Mombasa mwaka 2012 amewafikia wana wa nchi hii. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Gisenyi ilikizungumza kabla ya sheria kukitambua. Mhadhara huo ukifika Mbugangari au Majengo yetu hauhitaji mkalimani.

KIJANA: Nimeviona vipande hivyo. Mtu anatuma, husemi kitu, unafuta. Wengine hawafuti. Na kusema kweli, Shehe, hoja zake haziko tupu. Anataja dhuluma ambazo zipo: vijana wanaopotea, wazee wanaodharauliwa, nchi zilizovamiwa. Halafu katikati ya dhuluma hizo za kweli anaweka hukumu ya kuua. Ukija na khutba ya kusema tu kwamba Uislamu ni dini ya amani, hujagusa alichokisema.

IMAMU: Maneno yako yananichoma, lakini ni ya kweli. Niongeze tu kwamba wapo waliojibu, na walilipa kwa damu. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alipinga vijana kuitwa vitani Somalia. Aliuawa kwa risasi Likoni, Mombasa, tarehe 10 Juni 2014. Sheikh Ali Amini wa Beni, katika mkoa huu tunaopakana nao, alikuwa akikemea wauaji wanaojificha nyuma ya dini. Tarehe 1 Mei 2021 aliuawa msikitini wakati wa sala.

MAMA: Hao ndio wa kuwalilia. Kijana wa hapa ukimtajia Rogo anamjua. Mtajie Sheikh Ali Amini uone kama atamjua, na Beni ni jirani kuliko Mombasa. Anayeua tunamjadili miaka kumi. Aliyekataa kuua tunamsomea dua mara moja na kumsahau.

MWALIMU: Ndiyo maana napenda kisa cha Harura kuliko cha Nahrawan. Kabla ya upanga kutolewa, Abdullah bin Abbas aliwaendea Khawariji kambini kwao. Akasikiliza hoja zao tatu, moja baada ya nyingine, akazijibu kwa Qur'ani wanayoisoma wao. Riwaya mashuhuri zinasema maelfu walirudi. Nahrawan wakauawa waliobaki, na bado miaka miwili baadaye alitokea Ibn Muljam. Jibu la Ibn Abbas lilipunguza watu wengi kuliko upanga, na waliopunguzwa walirudi nyumbani wakiwa hai.

Hapo naufunga mjadala na kusema ninaloliamini.

Mama amesema kweli: wa kwanza kukumbukwa ni waliouawa. Kiongozi wa itikadi kali akifa, dua ya kwanza msikitini iwe yao, na wanaofahamika watajwe kwa majina. Kijana amesema kweli: hakuna Mwislamu wa Rubavu anayedaiwa radhi kwa kosa la mtu wa Mogadishu au Abbottabad, na kuuliza mtu aliuawaje si kumuunga mkono. Imamu ametuonyesha kwamba fiqhi ina njia ya kumzika mwovu bila kumtukuza na bila kumnyima haki yake.

Lakini nampa Mwalimu uzito mkubwa zaidi. Matamko ya kulaani, yanayosomwa siku ya habari na kusahauliwa wiki inayofuata, yanamtuliza anayeuliza. Kijana aliye na ule mhadhara kwenye simu yake hayamgusi. Baada ya Mugemangango, viongozi wa Waislamu wa Rwanda walikaa na polisi kuonya vijana kuhusu itikadi kali. Onyo lina kazi yake, ila onyo humwambia kijana asisikilize. Anayehitajika ni mtu wa kumwambia: nimesikiliza, hapa amesema kweli, hapa amepotosha aya, na hapa amehalalisha damu iliyo haramu, na hii ndiyo dalili. Kazi hiyo hufanywa na mwalimu mwenye elimu, kwa Kiswahili kilekile, katika darsa ambayo maswali magumu yanaruhusiwa bila mwenye kuuliza kushukiwa. Hapo serikali nayo ina sehemu yake: kijana anayeogopa kwamba swali lake litafika polisi atalipeleka kwa marehemu kwenye simu, na marehemu atamjibu.

Nawaomba basi maimamu na walimu wa madrasa wa Rubavu, na wenzenu wa Goma: msingoje kifo kingine. Chukueni mihadhara inayozunguka mitaani mwenu, isikilizeni hadi mwisho, na mfungue darsa ya kuijibu hoja kwa hoja, wavulana na wasichana wakiwamo. Na katika darsa ya kwanza kabisa, wafundisheni vijana Sheikh Ali Amini wa Beni alikuwa nani, na aliuawa kwa kusema nini.